Baba mdogo anataka bima, Daktari anataka vipimo, na usajili unafungwa Ijumaa

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa miaka 22, niko mwaka wa tatu, shahada ya sayansi katika hisabati, chuo kimoja cha hapahapa Tanzania. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi za maktaba kwa sababu rumu wenzangu wameshaanza kunicheka. Kila nikifungua ukurasa wa usajili nautazama, naufunga.

Iko hivi. Mwaka wa kwanza na wa pili kila kitu tulipangiwa. Mwaka huu kozi za lazima pamoja na projekti zina krediti 72. Krediti 48 zilizobaki najazia mwenyewe kwa kozi nne za hiari, mbili kila semista. Orodha niliyopewa ina tisa: nadharia ya namba, aljebra dhahania ya pili, nadharia ya vipimo, analisisi ya namba changamano, milinganyo ya difrensha ya pili, michakato nasibu, hesabu za bima, njia za makadirio kwa kompyuta, na ile ya simpleksi, ya kupanga rasilimali chache zilete faida kubwa.

Baba mdogo ndiye anayenisomesha tangu baba alipofariki. Mkopo wa bodi haufiki mwisho, na kinachopungua anatoa yeye kwenye duka lake la vipuri. Ameniambia waziwazi: "Hisabati tupu haiuziki, mwanangu. Chukua bima, chukua takwimu, uajiriwe." Siwezi kumjibu juu, na wala simlaumu.

Upande wa pili kuna Daktari aliyetufundisha analisisi mwaka jana. Nilipata C kwake. Nikadhani hata jina langu halijui. Wiki iliyopita akanisimamisha kwenye korido akasema nichukue vipimo na aljebra ya pili, kwamba mimi ni mtu wa kuendelea mbele. Sijui alimaanisha nini, niliitikia tu "sawa Daktari" nikaondoka.

Wenzangu nao wanasema nisijitie wazimu. Simpleksi na bima maswali yanarudi yaleyale, desa la kurasa 40 unalimaliza siku mbili, unapasua, unatoka na upper yako, lile daraja linaloanzia 3.5. GPA yangu ni 3.4. Unajua mwenyewe 3.5 ina maana gani ukitafuta ufadhili.

Jambo moja sijamwambia mtu. Ile analisisi niliielewa baada ya UE, ule mtihani wa mwisho wa semista, nikiwa likizo nyumbani. Nilikuwa namenya viazi, daftari liko kwenye meza, ghafla nikaona kwa nini kwenye maana ya kikomo lazima yule mpinzani akupe kwanza epsiloni yake, kosa dogo analolikubali, ndipo wewe umtafutie N yako, mahali ambapo kuanzia hapo kosa halizidi hilo, na si kinyume. Nikacheka peke yangu mpaka mama akauliza kuna nini. Sasa najiuliza, ile C ni ya kwangu kweli au nilichelewa tu?

Nataka pengine kuendelea na masta, pengine kufanya kazi kwanza. Projekti nafikiria kufanya ya malaria na mwalimu mwingine. Usajili unafungwa Ijumaa ya wiki ijayo. Nichague nini?

Mwenye Fomu,
Morogoro

*

Marahaba, mwanangu. Pole na ngazi za maktaba.

Tuanze na GPA kwa sababu ndiyo inayokunyima usingizi, na kwa mwanafunzi wa hisabati ni aibu kidogo kuogopa namba ambayo hujaipigia hesabu. Miaka miwili umemaliza krediti 240 kwa 3.4: hizo ni pointi 816. Ili umalize na 3.5 kwenye krediti zote 360 unahitaji pointi 1,260. Bado 444, na ukizigawa kwa krediti 120 za mwaka huu unapata 3.7. Yaani uwe unapata B+ ya pointi 4 mara nyingi kuliko B ya pointi 3. Mlima upo, ila si Kilimanjaro. Tena hiyo 3.4 yako huenda ni 3.44 iliyokatwa mkia. Chukua matokeo yako upige mwenyewe kwa desimali zote kabla hujaendelea kulia.

Sasa tuseme kozi moja ngumu ya krediti 12 imekuangusha kutoka B+ ya pointi 4 mpaka C ya pointi 2. Umepoteza pointi 24. Zigawe kwa 360: haifiki hata 0.07. Na A mbili, za pointi 5, mahali ulipotarajia B+ zinakurudishia zote 24. Kwa hiyo kozi moja ngumu unaweza kuibeba. Mbili kwa pamoja, kwenye semista moja, huku projekti inakudai, hapo ndipo watu wanaposapu, yaani kurudia mitihani. Hayo tu ndiyo GPA inayokuambia. Haina la zaidi, na usiiruhusu ichague kozi zote nne.

Kwa baba mdogo. Ana haki ya kuuliza utakula nini. Ila kozi moja yenye neno bima kwenye jina haimfanyi mtu kuwa mtaalamu wa hesabu za bima. Wale wanapimwa kwa mitihani ya vyama vyao, na mitihani hiyo haiulizi ulichagua nini mwaka wa tatu. Chukua wa kwanza wa Society of Actuaries ya Marekani, unaoitwa P. Ni maswali 30 ya kuchagua, saa tatu, mbele ya kompyuta, na kinachopimwa ni uwezekano unaotumia kalkulasi, yaani ule mliousoma tayari ukiwa umenolewa. Mtu yeyote anaweza kujisajili, awe na shahada au hana. Ada ni ya dola na si ndogo, kwa hiyo usimkimbilie nayo baba mdogo kesho. Lakini ukienda kumwona, acha kumpelekea majina ya kozi, yatamchanganya kama vile yeye akikutajia namba za vipuri. Mpelekee mpango: baba, mlango wa bima ni mtihani huu, masomo yanayonipeleka pale ni uwezekano na michakato nasibu, na nitajifunza kompyuta vilevile. Atakachosikia ni kwamba umelifikiria tumbo lako. Nadhani ndicho alichotaka tangu mwanzo.

Daktari sasa. Hapa nataka ukae vizuri. Mwalimu aliyekupa C akikusimamisha koridoni kukuambia uchukue kozi nzito kuliko ile, moja kati ya mawili. Huenda ameona kitu kwenye karatasi zako ambacho herufi C haikionyeshi. Wasahihishaji tunaona: kuna C ya mtu aliyekariri nusu ya desa, na kuna C ya mtu aliyejibu maswali matatu tu ila moja amelithibitisha kwa njia yake mwenyewe. Au huenda, na nasema kwa mapenzi kwa sababu nami nimewahi kuyafanya, kozi yake imepata wanafunzi watatu na bila wa tano haitafunguliwa. Dawa ni kumfuata ofisini uulize kwa adabu, "Daktari, uliona nini kwenye kazi yangu?" Akikutajia swali, akikueleza ulichoandika, msikilize. Akianza kuzungumzia umuhimu wa hisabati kwa taifa, mshukuru utoke.

Kuhusu kuchelewa: kila niliyewahi kumwona akiielewa analisisi, aliielewa kwa kuchelewa. Ile ya viazi ilikuwa ya kwako kweli.

Wenzako wana akili zao na simpleksi siidharau. Tangu Dantzig aitoe mwaka 1947 imepanga viwanda na malori duniani kote. Lakini mimi nilifuata ushauri wa aina yao. Mwaka wangu wa tatu nilichagua kozi zote laini, nikatoka na GPA ya kujivunia, nikaenda masta. Wiki ya kwanza mhadhiri akasema "chukua ringi yoyote", ile seti ya kujumlisha na kuzidisha ya aljebra dhahania, na darasa zima likaandika, mimi nikabaki nimeshika kalamu. Muhula mzima nilikuwa nikitoka darasa la masta naenda kujificha nyuma ya darasa la watoto wa mwaka wa pili. Walinidhania mkaguzi.

Sasa nikuambie ninavyoona kozi za hiari zinapaswa kuchaguliwa, maana majina yake hayakusaidii kitu. "Nadharia ya vipimo" haikuambii utakuwa unafanya nini Jumatano usiku umeme ukiwa umerudi. Tafuta pasti pepa na karatasi moja ya mazoezi ya kila kozi unayoifikiria. Waliomaliza wanazo, na steshenari ya karibu na geti inazo zaidi. Kila jioni kozi moja, saa mbili, simu iwe mbali. Usitafute kufaulu. Angalia kama saa moja na nusu ikifika bado unataka kujua jibu.

Nadharia ya namba, kwa mfano, itakupa swali kama hili: thibitisha kwamba namba nzima yoyote ukiipandisha kwenye kipeo cha tano kisha ukatoa namba yenyewe, kinachobaki kinagawanyika kwa 30. Jaribu na 2: 32 toa 2 ni 30. Jaribu na 7: 16,807 toa 7 ni 16,800. Ukilipasua kwa vigawo utakuta ndani yake namba tatu zinazofuatana, yaani iliyo kabla, yenyewe na inayofuata. Kati ya tatu zinazofuatana lazima mojawapo igawanyike kwa 3. Tatu tayari. Kisha tazama tarakimu za mwisho: 2 ilizaa 32, 3 inazaa 243, 7 imezaa 16,807, 8 inazaa 32,768. Tarakimu ya mwisho inarudi ileile! Pima zote kumi, hakuna inayotoroka. Basi tofauti inaishia na sifuri, inagawanyika kwa 10, na pamoja na ile 3 umepata 30. Na ukijiuliza kwa nini inarudi, umeshaingia mlangoni kwa RSA, ile siri ya mwaka 1977 ambayo kwa miaka mingi imelinda mawasiliano ya benki mtandaoni: unapandisha ujumbe mpaka haujulikani, mwenye ufunguo anaupandisha tena, unarudi ulivyokuwa. Wao wanatumia namba za tarakimu mamia badala ya 10, lakini ndege ni yuleyule.

Vipimo nayo ina ladha yake. Chora mstari wa mita moja, kutoka 0 hadi 1. Sehemu zote za shule ya msingi zimo, nusu, theluthi, robo tatu, na kati ya mbili zozote ipo nyingine, hakuna upenyo. Hata hivyo zinaweza kupangwa foleni, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Basi ya kwanza ifunike kwa kitambaa cha nusu sentimita, ya pili robo, ya tatu thumuni, kila kimoja nusu ya kilichotangulia. Umezifunika zote, na vitambaa vyote kwa jumla havizidi sentimita moja. Ukianza na cha nusu milimita, havizidi milimita moja. Kumbe zile sehemu zilizojaa kila mahali, urefu wao wote ni sifuri. Kama hapo umesikia kile kicheko cha viazi, Daktari hakukosea. Ni kutoka kwenye hesabu za namna hii Kolmogorov alikojengea uwezekano msingi wake mwaka 1933, kwa hiyo hata baba mdogo asidhani ni anasa.

Michakato nasibu ni tulivu zaidi. Mvua ikinyesha leo, kesho itanyesha kwa uwezekano wa 0.6; isiponyesha leo, kesho ni 0.2. Kwa muda mrefu siku ngapi zitakuwa za mvua? Mstari mmoja wa aljebra unakupa theluthi moja, bila kujali ulianza na siku gani. Badilisha mvua kwa mteja wa bima anayeleta madai au asiyeleta, na umeelewa kwa nini kampuni zinaajiri watu wa kozi hii.

Aljebra ya pili utaijaribu mwenyewe. Ukiona unasoma kuhusu Galois, mwanahisabati Mfaransa aliyekufa na miaka 20 mwaka 1832 baada ya kupigana kwa bastola, na bado unavutiwa zaidi na ringi kuliko bastola, chukua.

Projekti yako ina neno hapa, na wengi hulisahau. Modeli za malaria zilianza na Ronald Ross, yuleyule wa Nobel ya 1902, aliyeonyesha kwa hesabu kwamba si lazima umalize mbu wote, ukiwashusha chini ya kiwango fulani ugonjwa unajifia wenyewe. Milinganyo yenyewe utaiandika kwa yale ya mwaka wa pili. Shida ni kwamba ukishaweka watu, mbu na dawa, kalamu haiitatui. Inatatuliwa hatua kwa hatua kwa kompyuta. Kwa hiyo njia za makadirio inakubebea projekti, na lazima uichukue semista ya kwanza, si ya pili wakati msimamizi anakudai michoro.

Ningekuwa wewe, semista ya kwanza ningechukua makadirio na nadharia ya namba. Ya pili, michakato nasibu na analisisi ya namba changamano. Hii ya mwisho hakuna aliyekutajia na nasikitika, kwa sababu ndiyo ningempa mtu mwenye C yako. Epsiloni ni zilezile, ila funksheni zake ni za kistaarabu: ikikubali difrensha mara moja ndani ya eneo lake, inaikubali mara zote. Yale majini ya analisisi ya kwanza, funksheni zinazokatikakatika na kukuharibia kila teoremu, hayaingii. Utathibitisha vitu vikubwa kwa kurasa mbili na utajua kama masta ni yako. Ukienda kuomba AIMS, ile taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati iliyoanzia Muizenberg, Afrika Kusini, mwaka 2003 na sasa ina kituo mpaka Kigali, ambako kwa miaka mingi watu wamesoma masta ya mwaka mmoja kwa ufadhili, matokeo yenye analisisi, uwezekano na kompyuta yanasomeka vizuri.

Jioni zikisema vingine, zifuate zenyewe. Ukiona namba zimekuchosha dakika ya ishirini, weka aljebra pale. Bima na simpleksi ziache, utazisoma kazini kwa wiki tatu ukilipwa.

Kabla ya Ijumaa nenda idarani uulize mambo mawili: kozi ipi kweli inafunguliwa mwaka huu, maana kila mwaka kuna mwalimu aliyekwenda kusoma na kozi yake imeondoka naye, na kama ratiba zinagongana. Uliza pia wiki ya mwisho ya kubadilisha. Wiki mbili za kwanza ni za kuonja.

Vipimo usiisajili. Mwombe Daktari ukae nyuma usikilize tu, bila testi wala UE. Usikae mstari wa mbele lakini. Akikuona atakuita ubaoni, na vitambaa vile utavipanga wewe.